Bwawa la Nyuma ya Nyumba Wakati wa Baridi ya Arusha: Punguza Mkono

Ukiingia mtandaoni kutafuta namna ya kutunza bwawa la bustani wakati wa baridi, utakutana na barafu. Utaambiwa uweke mpira uelee juu ya maji ili pabaki tundu la kutolea hewa chafu, maana majani yanayooza chini hutoa gesi, na gesi ikifungiwa chini ya barafu samaki wanakufa. Utaambiwa usiivunje barafu hiyo kwa nyundo, mshindo wake unawafikia samaki. Utaambiwa bwawa liwe na kina cha kutosha, kwa sababu maji huwa mazito kuliko yote yakiwa na nyuzi 4, hivyo hutulia chini na samaki hujificha humo mpaka majira yabadilike. Yote ni kweli, na mtu wa Uingereza ayashike. Sisi huku barafu yetu iko juu ya Kilimanjaro, huko kwenye mita 5,895, na hata hiyo mwezi wa saba wiki nzima inaweza kupita mawingu hayajakuruhusu kuiona.

Tena wenzetu wana miezi yao. Kwao baridi ni Desemba hadi Februari, ndipo wanapoandika kwamba sasa uache kulisha. Kuna kaka mmoja wa Njiro, msomaji mzuri tu, aliwanyima samaki wake chakula tangu Krismasi kwa kufuata maandishi hayo, wakati Januari ndipo jua la Arusha linachoma na samaki wana njaa kuliko wakati mwingine wowote. Ilipofika Julai, maandishi yaleyale yakamwambia ni majira ya joto, akawa anawajazia. Maji yakanuka, samaki wakaanza kuhema juujuu, naye akatangaza kwamba mabwawa ya bustani hayafai huku kwetu.

Yanafaa sana. Kwa macho yangu Juni hadi Agosti ndiyo miezi mizuri kuliko yote ya kuwa na bwawa, nitaeleza sababu huko mbele. Ila kwa muda wote niliofuga samaki hapa Ilboru na kuona mabwawa ya watu, huruma ya mwenye bwawa imeua samaki wengi kuliko baridi yenyewe. Tunaona samaki wamepooza, tunadhani wana njaa, tunaongeza chakula. Tunaona maji yana majani, tunadhani ni machafu, tunayamwaga yote. Nikipewa neno moja la kumwambia mwenye bwawa mwezi wa sita unapoingia, nitamwambia apunguze mkono.

Baridi yetu ni kiasi gani hasa

Arusha mjini iko karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Julai, usiku, joto la hewa hushuka mpaka nyuzi 12 hivi, na mchana hupanda hadi 20 na ushei iwapo jua litatoka. Ukipanda huku Ilboru au kuelekea Ngaramtoni, baridi inazidi. Moshi mjini iko chini zaidi, kati ya mita 800 na 900, na kwa kuwa hewa hupoa kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, wenzetu wa Moshi wanatuzidi nyuzi 3 hivi.

Kwa mtu mwenye sweta hiyo ni tofauti ndogo. Kwa samaki ni kula au kutokula. Wifi yangu anaishi Rau, Moshi, ana sato kwenye bwawa la saruji nyuma ya jiko. Kila baridi ikiingia tukipigiana simu ananiuliza kama bado nawafungisha samaki. "Wifi, unawatesa hao viumbe. Wangu wanakula mpaka wanarukia mkono." Namjibu kwamba wake wako Rau, wangu wako Ilboru. Nina habari za uhakika kutoka kwa mwanawe kwamba naye mwezi huo anapunguza kopo, ila hasemi.

Samaki hana joto la kwake mwenyewe. Maji yakiwa na nyuzi 17, mwili wake una nyuzi 17, na tumbo lake linafanya kazi kwa mwendo huohuo wa nyuzi 17. Chakula kinachoyeyushwa kwa saa chache mwezi wa pili kinaweza kukaa tumboni muda mrefu mwezi wa saba. Ndiyo maana jambo la kwanza la kununua, kabla ya pampu, kabla ya mawe ya urembo, ni kipimajoto. Kile cha kioo cha bei nafuu kinatosha. Kifunge kwa uzi, kizame kama mkono mmoja kwenda chini, mwisho wa uzi ufunge kwenye jiwe la ukingoni. Kisome asubuhi kabla ya jua kugusa maji, ukisome tena saa nane mchana. Bwawa langu mwezi wa saba asubuhi linasoma 16, mchana likijitahidi 19. Jirani mwenye kijibwawa cha beseni kubwa anapata 13 asubuhi na 22 mchana, na samaki wake ndio wanaougua. Ni fizikia ileile ya sufuria ya chai kupoa kabla ya pipa la maji ya kuoga. Maji mengi hupoa taratibu na kupata moto taratibu, na samaki anavumilia baridi iliyotulia kuliko kupandishwa na kushushwa kila siku. Unayechimba sasa, usikubali fundi akupe kina cha sentimita 30 kwa sababu eti ni pambo. Dai 80 au mita moja kamili, halafu weka uzio au wavu imara kama kuna watoto nyumbani. Hilo la watoto halina mjadala.

Kuhusu aina ya samaki sitazunguka. Sato hupenda maji ya nyuzi 25 hadi 30. Chini ya 20 ukuaji wake unadorora, yakikaribia 16 anaacha kula, yakishuka hadi 12 au 10 anakufa. Perege ni jamaa yake, naye si mtu wa baridi. Kambale ni mvumilivu, tena ana kiungo cha kupumulia hewa ya juu ya maji, lakini atakula kila kidogo kinachopita mbele yake, wakiwemo samaki wenzake. Koi na goldifishi, samaki wa urembo, ndio wenyewe hasa. Asili yao ni nchi zenye baridi kali na nyuzi 15 kwao ni siku ya kawaida. Kwa hiyo Moshi weka sato na ule. Arusha ya juu weka koi au goldifishi utazame, na sato wakae tu kwa mwenye bwawa lenye kina, lililo mahali pa jua.

Agosti kuna maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, na mabanda ya samaki pale viwanja vya Njiro yanavutia kweli. Nenda, uliza maswali yote, chukua namba ya simu ya mwenye vifaranga. Kuvileta nyumbani subiri Oktoba. Kifaranga aliyetoka kwenye maji ya moto akamwagwa kwenye bwawa la nyuzi 16 hana wiki.

Chakula

Hapa ndipo watu wanaposhindwa kujizuia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Samaki wa baridi anakaa chini, mapezi yamekunjwa, anasogea kidogo halafu anatulia. Hajaugua. Anatunza nguvu. Ukimrushia punje za chakula atapanda kwa mazoea, atachukua mbili tatu, atashuka. Zilizobaki zinaelea, zinalowa, zinazama, zinaoza. Zinapooza zinatoa amonia, na amonia huunguza matamvua ya samaki. Kwenye bwawa lililokomaa kuna bakteria wanaoishi kwenye mawe, kuta na kichujio, kazi yao ni kuigeuza amonia kuwa nitriti na kisha nitrati ambayo mimea inaila. Bakteria hao nao hufanya kazi polepole kwenye baridi. Kwa hiyo mwezi uleule ambao samaki hawali, ndio mwezi ambao bwawa lina uwezo mdogo wa kusafisha mabaki yao.

Utaratibu wangu uko hivi. Maji yakiwa juu ya nyuzi 24 nalisha mara mbili kwa siku bila kufikiri. Kati ya 20 na 24 mara moja. Kati ya 17 na 20 siku moja nalisha, nyingine naacha, na siku ya kulisha ni mchana kati ya saa sita na saa nane, ili wapate saa kadhaa za joto kabla ya usiku. Chini ya 17 sato hawapati kitu. Koi wanapata punje chache kama jua limetoka. Siku ya manyunyu na wingu zito hakuna anayekula, hata kama kipimajoto kinasema inawezekana. Na kiasi ni kile wanachokimaliza ndani ya dakika tano huku nimesimama hapo. Dakika tano zikiisha, kinachoelea nakitoa kwa kichungi cha chai cha zamani kilichofungwa kwenye fimbo.

Samaki mzima mwenye afya anaweza kukaa wiki moja, hata mbili, bila kulishwa kwenye maji ya baridi. Ukisafiri kwenda msibani Rombo, mwambie binti wa nyumbani asiwape chochote. Hapo utakuta wazima. Ukimwachia kopo na maelezo, utakuta kopo tupu.

Ugali, wali na mkate visiingie humo. Najua bibi zetu walikuwa wanatupia makoko ya ugali samaki wa kwenye mfereji, lakini mfereji unatembea, bwawa lako limesimama. Ukitaka kuwapa kitu cha jikoni, jani la mchicha lililochemshwa kidogo au kipande cha tango. Kisipoliwa kitoe.

Usimwage maji

Jirani yangu mmoja alikuwa na kipaimara cha mwanawe Julai. Turubai lilikuwa lifungwe bustanini, wageni watoke Marangu na Dar, na bwawa lilikuwa na utelezi wa kijani ukutani. Kijana wa kazi akaambiwa alisafishe. Akawatoa koi kwenye ndoo, akamwaga maji yote, akasugua kuta kwa brashi ya chuma mpaka saruji ikawa nyeupe, akafungulia bomba, akajaza, akawarudisha samaki. Asubuhi yake wakaelea. "Dada, maji yalikuwa masafi kabisa," aliniambia, "unaona mpaka chini."

Tatizo lilikuwa usafi huohuo. Maji ya bomba yana dawa, na klorini inayotulinda sisi na kipindupindu inaunguza matamvua. Maji yenyewe yalitoka baridi kuliko yale samaki waliyozoea, na kushushwa nyuzi kadhaa kwa dakika moja ni mshtuko mkubwa. Na ule utelezi wa ukutani uliosuguliwa ndiyo nyumba ya bakteria niliowataja. Bwawa lilirudishwa siku ya kwanza ya maisha yake, katika mwezi ambao bakteria wapya wanachukua muda mrefu kuota.

Kama maji yamepungua au yamechafuka, toa moja ya kumi, ikizidi sana moja ya saba, na urudishe kiasi hicho mchana. Maji ya bomba yaache kwenye pipa lililo wazi, juani, siku moja nzima, klorini iruke na ubaridi upungue. Maji ya mvua uliyokinga kutoka kwenye bati ni mazuri, mradi bati si jipya lililopakwa rangi juzi. Mwenye mfereji unaopita shambani ajue kwamba kuchepusha maji ya mto au mfereji ni jambo la kibali. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ina makao yake hapo Moshi, na majirani wa chini yako watakukumbusha kabla ya bodi.

Na usiwashike samaki ovyo wakati huu. Samaki aliyevuliwa kwa wavu kwenye baridi hupoteza ute unaomkinga, kisha kwenye mchubuko panaota ukungu mweupe wenye nyuzinyuzi, unaonekana kabisa akipita karibu na uso wa maji. Ukimwona mmoja hivyo, mtenge kwenye beseni kubwa la maji ya bwawa lilelile na weka chumvi isiyo na madini joto, kilo 3 kwa lita 1,000, maana yake gramu 3 kwa kila lita. Usiimwage chumvi hiyo bwawani, mimea haitakushukuru. Kujua ujazo wa bwawa zidisha urefu, upana na kina kwa mita: la mita 3 kwa 2, kina 0.8, lina lita 4,800. Andika namba hiyo mahali, utaihitaji kila unaponunua dawa au pampu.

Chandarua sasa. Mwezi wa saba na wa nane miti mingi inaangusha majani, mjakaranda hasa, vile vijani vidogo vinavyopenya kila mahali, na upepo unamalizia kwa majani ya mparachichi. Watu wana busara ya kutandaza chandarua kuukuu juu ya bwawa. Wazo zuri, kitambaa kibaya. Vyandarua vingi tulivyogawiwa vimetiwa dawa ya kuua mbu ya jamii ya pairethroidi, na dawa hizo ni sumu kali kwa samaki hata zikiwa kidogo sana. Kikining'inia kikagusa maji, au mvua ikakiosha, umewawekea sumu. Nunua wavu wa kawaida wa kufunikia kitalu, uvute ukaze, usiguse maji. Kwa sababu hiyohiyo, bomba la kupulizia dawa nyanya na maharage lisioshewe karibu na bwawa, na ukipuliza dawa ya mbu sebuleni funga dirisha linaloelekea huko.

Mawingu ni mabaya kuliko baridi

Maji ya baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko ya moto. Usawa wa bahari, maji ya nyuzi 15 yanabeba kama miligramu 10 kwa lita, ya nyuzi 25 yanabeba 8 na kitu. Sisi tulio juu tunapungukiwa kidogo kwa sababu hewa yenyewe ni nyepesi. Kwa hesabu hiyo Julai ingekuwa raha kwa samaki. Shida ni mawingu.

Mimea ya majini na mwani hutoa oksijeni jua likiwaka, na usiku huivuta kama sisi. Siku ya kawaida mchana unalipa deni la usiku. Lakini Arusha mwezi wa saba unajua ilivyo: asubuhi ukungu, saa nne wingu, saa saba manyunyu, jioni wingu tena, na kesho vivyo hivyo. Bwawa lenye maji ya kijani mazito likikaa siku kadhaa namna hiyo, mwani unaanza kufa, unaozea humo, na kuoza nako kunakula oksijeni. Utagundua alfajiri. Saa kumi na moja, kumi na mbili, samaki wote wako juu, midomo inafunguka na kufumba kwenye uso wa maji. Hiyo si njaa. Ukiwarushia chakula wakati huo unawamaliza.

Washa pampu, na kama umeme umekatika chukua ndoo, chota, mwaga kutoka juu ya kichwa chako irudi kwa kishindo, endelea mpaka washuke. Kazi ya mikono, lakini inaokoa.

Pampu ndogo ya wati 40 ikiwashwa saa 24 inakula karibu uniti moja ya umeme wa LUKU kwa siku. Mimi baridi naiwasha usiku tu, saa tatu hadi asubuhi, chini ya nusu uniti. Maporomoko ya mawe nayafunga, kwa sababu maji yanayotawanyika kwenye hewa ya nyuzi 12 usiku kucha yanapoa bure; naelekeza bomba litibue uso wa maji kidogo tu. Wale wenye pampu za sola zisizo na betri wafahamu kwamba zitawaangusha siku za mawingu, ambazo ndizo siku zenyewe.

Uso unaotikisika una faida nyingine: mbu hapendi kutaga hapo. Ukitaka kujua kama bwawa lako ndilo linalowalisha majirani mbu, chota maji ya ukingoni kwa kikombe cheupe. Viluwiluwi vinavyoning'inia kichwa chini, mkia juu, ni vya mbu wa kawaida anayevuma usiku. Vinavyolala sambamba na uso wa maji ni vya anofelesi, mbu wa malaria. Baridi huchelewesha kukua kwao, haikuzuii. Bwawa lenye samaki mara nyingi kikombe kinatoka kitupu, na lawama za majirani ukizifuatilia zinaishia kwenye visahani vya maua na tairi lililotupwa nyuma ya banda.

Mimea, ndege, na sababu ya kuwa na bwawa

Yungiyungi hulegea baridi. Majani ya zamani yanageuka manjano, mapya yanatoka madogo, maua yanapungua au yanakoma. Kata yaliyoiva kwa mkasi karibu na chini, usiyavute, na usibadilishe chungu wala usitie mbolea mpaka mwishoni mwa Septemba. Mafunjo na magimbi ya ukingoni yanaendelea bila kukujali. Mtu asikushawishi kuweka gugumaji, hata kama lina ua zuri la zambarau. Maji yetu yakitoka hapa yanaingia Themi na Nduruma, yanakwenda Kikuletwa, yanaishia bwawa la Nyumba ya Mungu na kuendelea na mto Pangani. Kipande kimoja kikichukuliwa na mvua ya masika kina safari ndefu na wavuvi wengi wa kuwaudhi. Samaki usiowataka nao wasiachiwe mtoni.

Ndege ni habari nyingine. Mwezi wa saba mwani unapungua, maji yanakuwa maangavu, samaki ni wazito, na mdiria anayajua hayo yote. Anakaa kwenye tawi la mpera, anashuka mara moja, habari imekwisha. Korongo naye anatembea ukingoni kama mkaguzi. Nimezamisha vipande vya bomba la plastiki la inchi 6 na vyungu viwili vilivyovunjika mdomo, samaki wanaingia humo. Kwa korongo, mshipi wa kuvulia uliozungushwa ukingoni kwa urefu wa kifundo cha mguu unatosha kumkera. Mdiria namwachia samaki wake mmoja mmoja. Ni mzuri mno kugombana naye.

Na maangavu hayo ndiyo sababu naipenda kipupwe. Mwezi wa pili bwawa langu ni supu ya kijani, naona migongo tu. Julai naona kila jiwe. Naona koi mwekundu ana doa jeusi chini ya jicho ambalo wakati wa joto hata sikumbuki kama analo. Naona konokono wakipanda ukutani. Jua likitoka saa saba, samaki wote wanahamia kona ya magharibi ambako mwanga unafika kwanza, wanapangana humo ubavu kwa ubavu, na hapo ndipo navuta kiti cha plastiki, jiko la mkaa miguuni, chai ya tangawizi, mahindi mawili ya kuchoma. Weka kiti chako upande ambao jua la mchana liko mgongoni kwako, utaona mpaka chini na samaki hawataogopa kivuli kama utakaa tu. Mama mkwe wangu, ambaye mwanzoni aliuliza kwa nini tumechimba shimo mahali pa kupanda migomba, siku hizi akija Julai anauliza kiti chake kiko wapi.

Septemba kipimajoto kikianza kusoma 20 asubuhi kwa siku kadhaa mfululizo, rudisha chakula kidogo kidogo, wiki mbili hivi mpaka kufikia kawaida. Huo pia ndio wakati wa kutoa tope la chini, kwa ndoo au kwa pampu ya matope, nusu ya bwawa wiki hii na nusu nyingine baada ya wiki tatu, usilitibue lote kwa siku moja. Kazi za plasta zisubiri Oktoba, na ukuta mpya wa saruji ujazwe maji, umwagwe, ujazwe tena mara kadhaa kabla samaki hawajarudi, kwa sababu chokaa yake inayafanya maji yawe na alkali kali. Lile tope usilitupe njiani. Litandaze kwenye mashina ya migomba, mbali kidogo na shina lenyewe, na ufunike kwa majani makavu, la sivyo nzi watakuja na mama mkwe atakuwa na la kusema.